Mgomo wa Barafu

2 Februari

Mdogo wangu,

Mama kaninyang'anya simu. Anasema tangu atuzae hajasikia kelele kama zile za juzi, wewe unapayuka huko na mimi nafoka huku, na kwamba aliyekata simu kwanza ni mimi (uongo) na aliyetukana kwanza ni wewe (kweli, uliniita kichwa ngumu). Ametoa amri tuandikiane mpaka tutakapopata adabu. Kwenye barua, anasema, mtu hawezi kumkata mwenzake katikati ya maneno. Basi kaa kitako usome.

Nimeona gazetini kwamba Tume ya Nishati inaelekea kuukataa mtambo wa makaa ya mawe, na kwamba ripoti iliyoshauri hivyo imeandikwa na "mmoja wa wapangaji wake". Huyo mmoja si ni wewe? Huyo mmoja nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Sasa nikueleze yaliyotokea hapa kiwandani Jumanne, maana kwenye simu hukuniacha nimalize. Ilikuwa saa moja jioni, mapande ya barafu yako nusu, nje yameganda na katikati bado maji. Umeme ukakatika bila taarifa yoyote. Uliporudi ulirudi kwa kishindo, mota ya kompresa kubwa ikaungua, moshi ukatanda mpaka wafanyakazi wakakimbilia barabarani. Asubuhi daktari wa zahanati alikuja kuchukua barafu ya kusafirishia chanjo. Nikampa maji baridi na pole. Muuza maziwa hata hakunisalimia.

Kiwanda hiki Mama alikianzisha akiwa amekubeba mgongoni, na mimi nimekisomea ufundi wa majokofu ili kisife. Nimebakiwa na mota moja. Ikiungua hiyo nafunga milango na wafanyakazi wangu wote wanarudi makwao. Ndiyo maana nayataka hayo makaa. Siyapendi, lakini nayataka. Nataka mtambo unaowaka mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe.

Nijibu kama mtu, usinijibu kama ripoti.

Dada yako


9 Februari

Dada, kichwa ngumu wangu,

Pole sana kwa mota. Nasema kwa moyo, maana nilipoisoma ile habari ya daktari wa zahanati niliona haya jinsi nilivyokupigia kelele.

Ripoti ni yangu, sikatai. Umeme unakatika kwa sababu bwawa letu limekauka nusu. Mvua zimebadilika, joto linazidi mwaka hadi mwaka, na maji yakipungua mitambo ya bwawani inazunguka kwa uvivu. Yupo mhandisi mmoja anayeupigania mtambo wa makaa, sisi hapa ofisini tunamwita Bwana Makaa, na yeye mwenyewe analipenda jina hilo. Si mtu mbaya. Lakini mtambo wake utahitaji maji mengi ya kuupooza, na maji hayo atayachota kwenye bwawa lile lile. Halafu moshi wake utaongeza joto lile lile linalolikausha. Ni kama kumpa mwenye kiu maji ya chumvi.

Na hili hulijui. Saa sita mchana tuna umeme wa jua mpaka unatushinda. Paneli zinazalisha kuliko tunavyoweza kutumia, tunalazimika kuzizima nyingine. Tunautupa, Dada, na karatasi za kuutupa nasaini mimi.

Najua utakachouliza. Jua likizama je? Hapo ndipo Bwana Makaa anaponibana kila kikao. Saa moja jioni kila mtu yuko nyumbani, taa, feni, pasi, televisheni, na viwanda bado vinanguruma. Mstari wa matumizi kwenye kioo cha chumba cha udhibiti unapanda mpaka wanaanza kuchagua mtaa wa kuzima. Betri za kutosha mji mzima hatuna, wala hatutazipata kesho. Kwa hiyo jibu sina. Nakuambia wewe jambo ambalo sithubutu kumwambia mwenyekiti wa Tume.

Kikao cha wazi ni tarehe 28 Machi, na kura itapigwa palepale. Makaa yakishinda, yatawaka miaka arobaini, na wanao watazeeka nayo. Nami nitajiuzulu, kwa sababu sitaweza kuusimamia mtambo huo kwa uso mkavu.

Halafu mbona wewe unalalamika? Joto likizidi si ndiyo barafu inauzika?

Mdogo wako


18 Februari

Mdogo wangu,

Hiyo ya mwisho nimemsomea Mama. Amesema ukija atakuvuta sikio.

Joto halinineemeshi hata kidogo. Mashine inahema kutwa nzima, na pande linalotoka hapa zima linafika kwa mteja limekuwa kama sabuni iliyotumika. Njoo usimame kwenye mlango wangu mchana mmoja tu uone neema hiyo.

Nakupa haki yako kuhusu maji ya bwawani, hilo sikulijua na limenichoma. Lakini na wewe nipe yangu. Wapo matajiri wa dunia waliochoma makaa miaka na miaka, wakajenga reli na hospitali na viwanda. Walikula wakashiba, wakafuta midomo, leo wanatufundisha kufunga. Joto hili hatukulileta sisi. Kwa nini chanjo za zahanati yetu ziharibike ili dunia yao ipoe? Nijibu hilo bila kunionyesha mchoro.

Na kwa kinywa chako umekiri kwamba jioni huna jibu. Jioni ndiyo inayoniua mimi.

Ujue pia kwamba Umoja wetu wa wenye viwanda vya barafu na vyumba vya baridi umenichagua kuwa msemaji. Tarehe 28 nitakuwa ukumbini, wewe upande ule na mimi upande huu. Kabla ya hapo tuna jambo letu tunalipanga. Hutalijua kwangu. Wewe sasa ni serikali.

Kula vizuri. Mama anasema kwenye picha ya gazeti shingo yako imekuwa nyembamba.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Swali lako la haki nimetembea nalo wiki nzima. Huu hapa ukweli wangu: uko sahihi, na wanapaswa kutusaidia, na nimeiandika hivyo kwenye ripoti bila kupaka sukari. Ila bwawa haliulizi nani alianza. Linakauka tu.

Sasa shika kiti. Kuna kioja huku. Tangu Jumatatu jioni, ule mstari wa umeme haupandi kama desturi yake. Unafika mahali, unakata pumzi, unalala. Wiki nzima hakuna mtaa uliozimwa, hata mmoja! Mkuu wa chumba cha udhibiti ana hakika mita zimeharibika. Katuma mafundi, wamezikagua, wamerudi wakisema mita ni nzima. Bwana Makaa anasema ni bahati, labda watu wamesafiri. Wasafiri wote kwa pamoja, kisha warudi asubuhi?

Kioja cha pili ni kwamba mchana matumizi yamepanda. Paneli ambazo kila siku nazizima, wiki hii zote zinafanya kazi. Nimekaa na michoro hii mpaka macho yanawasha. Nikijua sababu yake, Dada, nina jibu la jioni. Nisipojua, ni bahati kama anavyosema yeye, na kura imepotea.

Nakuuliza kama mteja tu: mtaani kwenu umeme ulikuwaje wiki hii?

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Umeme wetu haukukatika. Sina la zaidi. Huku ni wazima.

Dada yako

Mwanangu, huu ni mwandiko wa mama yako. Dada yako kaandika mistari hiyo miwili mitatu kwa muda ambao mimi nimepika, nimekula na nimeosha vyombo. Tangu barua yako ifike anazunguka uani akiongea peke yake, mara acheke, mara apige ukuta teke. Kuna neno limemkaba. Usimharakishe, atalitema.
Mama


18 Machi

Mdogo wangu,

Haya, nalitema. Na ukicheka nitasikia huku huku.

Lile jambo letu lilikuwa mgomo. Tuliamua sote, wenye viwanda vya barafu na vyumba vya baridi mji mzima, kwamba wiki ile kuanzia saa kumi na mbili jioni tutazima mashine zetu mpaka alfajiri na kutundika vitambaa vyeusi milangoni. Maana yake: mnatuzimia kila siku, basi tunajizimia wenyewe, tuone mtajisikiaje mkikosa wateja wenu wakubwa. Tulidhani mtatetemeka. Wazo lilikuwa langu na nilipigiwa makofi.

Lakini mtu hagomi ili aumie mwenyewe. Kwa hiyo tuliwasha mashine zote tangu asubuhi, tukagandisha kwa nguvu mchana kutwa, tukajaza vyumba, tukafunga milango kwa makomeo. Jioni tukazima. Jumanne alfajiri nikafungua mlango nikitegemea dimbwi. Mdogo wangu, barafu ilikuwa kavu! Chumba kikijaa na mlango usipofunguliwa, baridi inajilinda yenyewe. Nilijua hivyo tangu masomoni, ila sikuwahi kuifanya kuwa kazi ya kila siku, kwa sababu kila siku tumezoea kugandisha jioni ili tuuze asubuhi. Kinachotuua sisi ni kukatwa ghafla, barafu ikiwa nusu, na umeme kurudi kwa kishindo. Kuzima kwa kupanga hakutuui hata kidogo.

Mgomo ulipoisha Jumamosi, Jumapili tu mitaa minne ikazimwa. Hapo nikajua kabisa. Nikaisoma tena barua yako, mstari unakata pumzi, unalala. Ni sisi, mdogo wangu. Hizo mita zako mbovu ni mimi.

Nimeandaa mgomo wa kudai makaa, na mgomo wenyewe umeonyesha kwamba hayahitajiki. Hasira niliyokuwa nayo siku hizi zote usiulize. Mimi niliyekwambia jioni huna jibu!

Nimewaita wenzangu na kuwaambia. Mmoja amesema nimenunuliwa na ndugu yangu. Mwingine katoka nje akabamiza mlango. Waliobaki tumeongea mpaka sauti zikakauka. Msimamo wetu ni huu. Mchana mtuuzie umeme kwa bei nafuu badala ya kuutupa. Jioni tutazima, lakini kwa mkataba, saa zinajulikana, na umeme urudi taratibu. Atakayetukatia bila taarifa alipe mota. Na haya tutayasema sisi wenyewe. Sitaki kuingia humo ukumbini kama mkia wa ripoti yako.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Nimecheka mpaka mkuu wa chumba cha udhibiti kaja kuangalia kama mimi ni mzima. Kisha nimelia kidogo, na hilo usimwambie Mama.

Jibu la jioni nimelitafuta kwenye vitabu na kwa wataalamu wa betri wa kila aina, kumbe umelifungia chumbani kwa komeo na kulitundikia kitambaa cheusi.

Usije kama mkia wa ripoti yangu. Mwenyekiti anajua sisi ni ndugu, nikilitaja mimi litanuka. Mimi nitaonyesha michoro tu na kusema kwamba wiki ile matumizi ya jioni yalishuka, basi. Kwa nini yalishuka, useme wewe. Bwana Makaa atakubana, na maswali yake ni mazuri, usiyadharau. Kuhusu masharti yenu, matatu yote ni ya haki. La mota litawauma wakubwa. Liache palepale lilipo.

Nina hofu, Dada. Wenzako wakikugeuka mbele ya Tume, tumekwisha sote wawili.

Mdogo wako


29 Machi

Mama yangu mpendwa,

Najua Dada atakapofika nyumbani atakwambia "tumeshinda" kisha ataomba chai. Kwa hiyo nakuandikia mimi, upate yote.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa madirishani. Bwana Makaa alianza. Aliongea vizuri, Mama, nakiri. Alimaliza kwa swali lake la siku zote: jua likizama, mtamwambia nini mama mwenye mtoto gizani? Watu wakapiga makofi. Mimi nikaonyesha michoro yangu. Mjumbe mmoja akapiga miayo.

Kisha akaitwa msemaji wa Umoja wa Barafu. Dada akaingia kwa lile gauni lake la kijani, nyuma yake wafanyakazi wanne wamebeba kitu kimefungwa magunia. Wakakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, puu. Dada akafungua magunia, akapangusa unga wa mbao uliolikinga na joto. Lilikuwa pande la barafu, zima, kingo zake kali.

"Hili limegandishwa jana saa sita mchana," akasema. "Tangu jana jioni halijaonja umeme. Huu ni umeme wa jana wa jua, waheshimiwa. Uguseni."

Mwenyekiti akagusa, akaurudisha mkono haraka, ukumbi ukacheka.

Dada akasimulia mgomo wote bila kujificha, pamoja na vile walivyotaka makaa na vile alivyopiga ukuta teke. Bwana Makaa akasimama, akamwambia Dada: "Mama, barafu haiwashi taa."

"Haiwashi," Dada akajibu. "Lakini kila jioni mimi na wenzangu tunagombania umeme na taa zenu, na sisi ndio wenye midomo mikubwa. Sisi tukila mchana, jioni mnabaki na sahani yenu."

Bwana Makaa akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na nani anatuhakikishia kwamba mtazima kweli? Wewe ni mtu mmoja."

Dada akageuka tu kuwatazama wenzake. Wa kwanza kuinuka alikuwa yule jamaa aliyesema Dada kanunuliwa. Akasema kwa sauti ya kukoroma, "Mimi nitazima." Akainuka wa pili, wa tatu, kisha safu nzima, kisha safu ya nyuma yake. "Nitazima." "Na mimi." Mpaka wenye pampu kubwa za maji, ambao hata si wa Umoja ule, nao wakasimama wakasema kama ni hivyo wao pia wanaweza kupandisha maji mchana.

Nilipiga makofi. Nilikuwa nimekatazwa kabisa kupiga makofi.

Wajumbe ni saba. Walipoulizwa nani anaukubali mtambo wa makaa, mkono mmoja tu ukanyanyuka. Mtambo umekataliwa, Mama! Masharti ya Dada yamepita yote, na lile la mota limo. Bwana Makaa alimfuata Dada mlangoni, akamshika mkono, akamuuliza unene wa kuta za vyumba vyake. Nimewaacha wanachora kwenye karatasi.

Umezaa mtu, Mama. Mimi ni shahidi tu.

Mwanao


6 Agosti

Mdogo wangu,

Leo ndiyo imekuwa jioni ya kwanza ya mkataba, na najua uko chumba cha udhibiti umekodolea macho mstari wako. Acha nikupe upande wa huku.

Mota mpya zimefika, mbili badala ya ile moja iliyoungua. Mchana kutwa zimenguruma kwa umeme wenu wa jua, vyumba vimejaa mpaka darini, daktari wa zahanati amebeba barafu yake tangu saa tisa. Nimeajiri watu wengine watatu. Neno la kufunga kiwanda silisemi tena, wala nisikumbushwe.

Swichi tulimwachia Mama. Alivaa vitenge vyake vya sherehe, akakataa kushikwa mkono. Saa kumi na mbili akaishusha. Mashine zikapunguza sauti, zikazimika. Tukatoka nje.

Giza lilikuwa linaingia. Mtaa mzima umetoka vibarazani, na kwa mazoea yao kila mtu ameshawasha mshumaa wake kabisa, wanasubiri kukatwa. Watu wazima wamesimama na mishumaa chini ya taa za barabarani. Saa moja ikafika. Taa zikabaki. Saa moja na nusu, bado. Saa mbili, redio ya kinyozi inaimba, feni za hoteli zinazunguka, na huku nta inawadondokea vidoleni.

Akaanza mtoto wa jirani kucheka. Kisha mama yake. Kisha kicheko kikashika mtaa wote mpaka chini kule sokoni, watu wanaonyeshana mishumaa yao, wanapigana mabega. Mama akapanda kwenye ngazi ya kiwanda, akasema kwa ile sauti yake uijuayo, "Sasa mnangoja nini? Zimeni!"

Na mtaa mzima, mdogo wangu, ukapuliza mishumaa kwa pamoja.

Dada yako